Kufundisha Mawasiliano ya Kompyuta kwa Mchezo wa Barua

Mwanafunzi aliyemwona mzazi wake akilipa ada kwa simu huuliza swali la haki: mtandao ukikatika katikati, je, fedha hazitakatwa mara mbili? Mwalimu asiyeweza kulijibu hujificha nyuma ya istilahi. Tunapendekeza somo lifuatalo, lisilohitaji kompyuta hata moja.

Shabaha: Mwanafunzi aweze kulinganisha njia tatu ambazo huduma za wavuti hupelekeana ujumbe, na kueleza ni ipi isiyozifunga mno.

Vifaa: Daftari, karatasi, bahasha na sanduku.

Hatua ya kwanza: Mwanafunzi amwagize mwenziwe kazi kwa jina maalumu, kisha asubiri palepale. Sasa mpe mwenziwe jina jipya la kazi hiyo. Agizo la zamani litashindwa. Wawili hao wamefungamana. SOAP, ambayo toleo lake la 1.2 lilipitishwa na W3C mwaka 2003, hutia ujumbe katika bahasha yenye kichwa na kiwiliwili. Lakini bahasha peke yake haiwafungui, iwapo ndani mna agizo lilelile.

Hatua ya pili: Kila daftari lipewe anwani, na vitendo viwe vichache, vilevile kwa wote: kusoma, kuongeza, kuandika upya na kufuta. Huu ndio mwelekeo wa REST, alioueleza Roy Fielding katika tasnifu yake ya mwaka 2000. Andika upya "ada iliyolipwa: 500" mara mbili, hesabu haibadiliki. Ongeza 500 mara mbili, zimekuwa 1,000. Hata hivyo, mwenye daftari sharti awepo.

Hatua ya tatu: Barua itiwe sandukuni wakati mpokeaji yuko nje, akirudi aisome. Hii ni foleni ya ujumbe: hawana haja ya kuwapo pamoja. Lakini mtumaji asiyepata jibu huweza kutuma tena. Kwa hiyo kila barua iwe na namba, na mpokeaji asiishughulikie tena namba aliyokwisha kuishughulikia.

Tathmini: Waulizwe, nani ataathirika mwenziwe akibadilika? Akitoweka? Mwalimu asitangaze mshindi. Anayetaka jibu papo hapo hufaa njia ya pili. Anayeweza kungoja, ya tatu. Mtoto atakayesema kuwa namba ya barua ndiyo inayolinda fedha za mzazi wake, huyo amelielewa somo.