Sindano ya Shaba: Somo juu ya Hila ndani ya Jamaa

Katika somo hili tutautazama udanganyifu unaotendwa nyumbani, kati ya watu waliokula katika chungu kimoja. Tutaufundisha kwa njia ya hadithi. Nayo si hadithi ya Bushi wala ya Ulaya, bali ni ya Waswahili wenyewe, watu wa pwani ambao kwao tumepata lugha hii tunayosali na kusoma kwayo. Ni habari ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini ya Kenya, upande wa kisiwa cha Pate na mahali mto Tana unapoingia baharini. Aliishi zamani sana, na wenye elimu hawapatani juu ya karne yake. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha habari zake kwa Kiswahili huko London, na mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa, mtu wa Lamu, alizitungia utendi. Mimi nafuata hasa utendi huo.

Liyongo alikuwa mrefu kupita watu wote, mwenye nguvu, hodari wa upinde na hodari wa maneno. Huko Pate alitawala Sultani Daudi Mringwari, ambaye masimulizi mengi humtaja kuwa ndugu yake. Sultani akaogopa kunyang'anywa ufalme. Angalieni neno hili: Liyongo hakuwa amemshambulia, lakini hofu ilitosha.

Kwanza Sultani alijaribu watu wa mbali. Aliwaahidi watu wa mwituni, Wasanye na Wadahalo, mali nyingi wakimletea kichwa cha Liyongo. Hao wakafanya naye urafiki, wakapatana kula makoma kwa zamu, kila siku mmoja apande mkoma awaangushie wenzake. Shauri lao lilikuwa kumpiga mishale zamu yake itakapofika, akiwa juu bila kinga. Zamu ilipofika, Liyongo alisimama chini, akayaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe. Basi hila ile ikavunjika.

Ndipo akafungwa gerezani Pate. Mama yake alimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, lakini walinzi walikula kilicho kizuri, wakamwachia makapi. Liyongo akamwimbia Saada maneno ya fumbo ampelekee mama: atengeneze mikate mizuri, na pamoja nayo mkate mmoja wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa afiche tupa. Walinzi wakala mikate mizuri, wakamtupia ule wa wishwa huku wakimcheka. Usiku wa ngoma ya gungu, pembe na matoazi yakilia kwa nguvu, yeye alikata minyororo wala hakuna aliyesikia sauti ya tupa. Akatoka, watu wakakimbia.

Hapa katekumeni mmoja aweza kuuliza: Mwalimu, je, mama naye hakudanganya? Swali hilo ni la haki. Nami naona hivi: walinzi hawakumwamini mama huyo, wala hakuwaahidi neno lolote, walinaswa na ulafi wao wenyewe, maana kama wangalimpa mfungwa chakula chake, tupa ingalikuwa mikononi mwao. Yule mwingine tutakayemwona sasa alitumia kitu tofauti kabisa. Alitumia upendo wa baba kuwa silaha.

Liyongo alikuwa na mwana mmoja wa kiume, aliyezaliwa na mke wa kabila la Wagala. Sultani alimwita kijana huyo, akamsifu, akamwahidi binti yake awe mke wake. Kwa malipo hayo alitaka neno moja tu: kujua ni kitu gani kiwezacho kumwua Liyongo. Tazameni jinsi hila ilivyobadilika. Wale wa mwituni walitumia mti na mishale. Huyu alitumia swali la mtoto kwa baba yake, lenye sura ya kumhurumia: Baba, nakuogopea, watu wanakuwinda, niambie ni silaha gani uiogopayo, nipate kujua. Mgeni hawezi kuuliza hivyo. Mtoto aweza, na uwezo huo ndio Sultani alioununua.

Katika utendi, baba anaitambua hila. Anamwonya kijana kwamba hao waliomtuma wanamdanganya. Hata hivyo anamjibu kweli: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Kwa nini alisema? Watu wamelifikiria jambo hili miaka mingi. Wengine husema shujaa hawezi kumwambia mwanawe uongo. Wengine husema alichoka kuwindwa. Mimi nafikiri kwamba baba akishamwona mwanawe amesimama mbele yake na kifo chake mdomoni, tayari amekwisha kuchomwa, na sindano ni ya baadaye. Tena yeye alimpa kijana nafasi ya kurudi. Alimpa siri, na pamoja nayo onyo. Kijana akachukua siri, onyo akaliacha pale pale.

Akapewa sindano huko Pate, akarudi, akangojea baba alale usingizi mzito, akamchoma kitovuni, akakimbia. Liyongo aliamka kwa uchungu, akatwaa upinde wake, akaenda mpaka kisimani, akapiga goti na kuweka mshale tayari, akafa katika hali hiyo. Siku kadhaa watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai na amekasirika. Mama yake alikuja kumbembeleza kwa nyimbo, asijue kwamba anamwimbia maiti. Mwishowe mwili ukaanguka, ndipo wakaiona sindano. Huko Kipini watu huonyesha mahali wanaposema ni kaburi lake.

Na kijana je? Masimulizi hayapatani. Mengine husema aliuawa na wale wale waliomtuma. Mengine husema alifukuzwa, akaugua, akafa. Yapatana kwa neno moja tu, kwamba hakupata alichoahidiwa. Nani angempa binti mtu aliyemchoma baba yake?

Mtakapofika kwenye Kitabu cha Waamuzi, sura ya 16, mtamkuta Samsoni. Wakuu wa Wafilisti walimwahidi Delila kila mmoja vipande vya fedha 1,100, naye aliuliza juu ya siri ya nguvu kwa maneno ya mke aonaye kwamba hapendwi. Mara tatu Samsoni alimficha, mara ya nne akasema. Na huko Uingereza, Shakespeare alitunga mchezo wa Mfalme Lear, ambamo mna mwana aitwaye Edmund. Huyo aliandika barua kwa jina la ndugu yake Edgar, kana kwamba Edgar anataka baba afe wagawane mali. Kisha akajifanya anaificha, mpaka baba mwenyewe akamlazimisha kuitoa. Baba akamfukuza mwana mwema akamshika mwovu, na baadaye akang'olewa macho kwa sababu ya huyo mwovu. Aliyemwongoza njiani akiwa kipofu alikuwa Edgar, amevaa matambara, baba asimtambue.

Bahari na karne zimetenganisha hadithi hizo, lakini katika zote kuna mtu wa nje, au tamaa, iliyopata mlango kwa mmoja wa nyumbani. Nanyi mnajua mambo ya kwetu: shamba la ndizi la mzee, na mtu mwenye mali anayemwita kijana kando, akampa kinywaji, akamwahidi ng'ombe wa mahari, kisha akamwuliza kwa upole mipaka iko wapi na ni nani aliyeshuhudia kalinzi ilipotolewa.

Mkikutana jioni kwa fundisho, someni hadithi hii kwa sauti, kisha mjibu: Kijana angaliweza kumwambia Sultani maneno gani siku ile ya kwanza? Baba alipoitambua hila, je, alifanya vema kusema kweli? Na mama yake Liyongo, siku ile mwili ulipoanguka, angemwambia nini mjukuu wake kama angalimkuta njiani? Swali hili la mwisho waachieni akina mama walijibu kwanza.