Kwa Nini Watafiti Hupiga Kura

Upimaji wa kitaifa wa 2007/08 nchini Tanzania ulikuta asilimia 15.7 ya watu wazima wa Iringa wanaishi na VVU, juu kuliko mkoa wowote nchini. Wakati huo Njombe ilikuwa bado ndani ya Iringa. Wanaume waliotahiriwa mkoani walikuwa asilimia 29 tu. Ukiziweka takwimu hizi pamoja, jibu linakuja haraka: tohara inakinga. Muuguzi au tabibu anayejifunza utafiti asimame kwanza hapo.

Je, mwanamume wa Iringa asiyetahiriwa na wa Pwani aliyetahiriwa wanatofautiana kwa tohara peke yake? Huenda dini zao ni mbalimbali, na umri wa kuoa, na unywaji wa pombe. Huenda mmoja anakaa miezi kwenye kibarua cha chai Mufindi, mbali na mkewe. Lolote kati ya hayo laweza kuwa ndicho chanzo, tukaisifu tohara bure. Hata ndani ya kijiji kimoja tatizo lipo palepale, maana anayejipeleka mwenyewe kutahiriwa pengine ni mwangalifu katika mambo mengine pia.

Dawa yake ni kuwanyima watu nafasi ya kujigawa wenyewe. Kisumu, nchini Kenya, watafiti waliwachukua vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wote hawana VVU na wote wako tayari kutahiriwa. Kura ikaamua nani atahiriwe sasa na nani asubiri miaka miwili. Makundi yote mawili yalipewa ushauri nasaha na kondomu.

Kura haimjui mlevi wala mcha Mungu. Kwa hiyo walevi huangukia pande zote karibu sawa, na wasafiri vilevile, na hata tabia ambazo hakuna aliyefikiria kuziuliza. Hapo ndipo ninapoiheshimu kuliko hesabu yoyote ya kurekebisha takwimu baadaye, kwani dodoso huuliza tu yale ambayo mwandishi wake aliyawaza.

Kati ya waliotahiriwa, 22 waliambukizwa VVU; kati ya waliosubiri, 47. Je, ni bahati tu? Tohara isingekuwa na kazi, kila ambukizo kati ya hayo 69 lingeangukia upande wowote kama sarafu iliyorushwa. Ukirusha sarafu mara 69, kuegemea upande mmoja kiasi hicho au zaidi hutokea karibu mara 4 tu katika 1,000.

Jaribio lilisimamishwa Desemba 2006, na waliokuwa wakisubiri wakapewa tohara. Majaribio kama hayo ya Rakai, Uganda, na Orange Farm, Afrika Kusini, yalielekea hukohuko. Mwaka 2010, kampeni ya tohara ya wiki sita mkoani Iringa ilitahiri watu 10,352. Mshauri aliyekaa nao kabla ya upasuaji alikuwa na kazi ya kuwaeleza pia habari za wale 22, na kwa nini kondomu bado inahitajika.