Kisima cha Mafuta Kando ya Shule

Mtoto akirudi nyumbani anatokwa damu puani, mama husema ni jua, au amecheza mno. Akirudi hivyo tena juma lile lile, na jirani naye akaeleza kuwa wake yu vivyo hivyo, ndipo watu wazima huanza kunusa hewa. Ndivyo ilivyokuwa katika mtaa wa University Park, mjini Los Angeles, Marekani, kuanzia mwaka 2010. Twapenda kuieleza habari hii kwa kuwa yawahusu watoto wa shule, na kwa sababu nyingine ambayo hatutaificha.

Mji ule umekaa juu ya mafuta. Edward Doheny aliyapata mwaka 1892, na tangu hapo visima vikachimbwa katikati ya makao ya watu. Vingi vimezungushiwa kuta ndefu, hata mpita njia hadhani kuna kitu. Kiwanja cha University Park kilikuwa ng'ambo tu ya barabara kutoka nyumba za watu wenye kipato kidogo, na shule ya vijana wenye ulemavu ilikuwa jirani. Mwaka 2009 kampuni nyingine iliichukua kazi, mafuta yakatolewa kwa wingi kuliko zamani, na harufu ikaanza: mara ya mayai yaliyooza, mara ya kupendeza kama mapera, ambayo wenyeji waliamini imetiwa ili kuifunika ile ya kwanza.

Yafaa msomaji ajue harufu hizo ni za nini. Ile ya mayai ni ya gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo huwasha macho na kuumiza kichwa. Ikiwa nyingi huiua pua yenyewe, mtu asinuse chochote, akadhani hatari imekwisha kumbe imezidi. Pamoja nayo hutoka mvuke wa benzini, ambao huharibu uboho wa mifupa na huweza kuleta saratani ya damu. Mtoto, kwa kila kilo ya mwili wake, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, na mapafu yake yangali yakikua. Wala ukuta haumsaidii, kwa maana huzuia macho tu.

Wazazi walilalamika kwa wakuu wanaosimamia hewa mara nyingi mno kwa muda wa miaka mitatu. Miongoni mwa waliosema mbele ya watu alikuwamo binti Nalleli Cobo, aliyeanza kuugua akiwa na umri wa miaka 9. Mwaka 2013 wakaguzi wa serikali kuu waliingia kiwanjani, nao wenyewe wakaumwa koo na vichwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo kazi ikasimamishwa. Na mwaka 2020 serikali ya California ikaamuru visima vizibwe kabisa. Twastaajabu kidogo kwamba koo za wakaguzi ziliaminiwa upesi kuliko pua za watoto.

Sasa ile sababu nyingine. Kiwanja kile kilikuwa mali ya Kanisa. Jimbo Kuu la Los Angeles ndilo lililokikodisha.

Kuna watakaosema kuwa mwenye ardhi si mchimbaji, na kwamba kibali hutolewa na serikali. Ni kweli kwa kadiri ya sheria za upangaji. Lakini apokeaye kodi ya kiwanja ana uwezo ambao mama wa ng'ambo ya barabara hana: aweza kutia masharti kabla ya kutia sahihi, na aweza kubisha hodi akafunguliwa lango. Uwezo huo usipotumika, nani atautumia badala yake? Baba Mtakatifu Fransisko aliandika katika barua yake Laudato Si', mwaka 2015, kwamba uharibifu wa mazingira huwaangukia maskini kwanza. Mtaa ule ulikuwa umekwisha kulijua jambo hilo.

Mwaka 2022 California ilitunga sheria ya kukataza visima vipya karibu na shule, nyumba na hospitali, kwa umbali wa futi 3,200, yaani kama mita 975. Wenye mafuta walikusanya sahihi ili ipigiwe kura, wakaiondoa hoja yao mwaka 2024, na sheria ikaanza kazi. Visima vya zamani vilivyomo ndani ya umbali huo haikuvifunga, bali iliviwekea masharti makali zaidi.

Nasi tunayo gesi ya Songo Songo, inayotumika tangu 2004, na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Bomba lililofukiwa si kisima, wala hatusemi kuwa shule fulani imekwisha kudhurika. Lakini parokia na halmashauri za shule zina ardhi, na huenda siku moja zikaombwa sehemu yake. Siku hiyo paroko na wazee wasiulize kodi peke yake. Waulize ni hatua ngapi kutoka darasani, ni nani atakayepima hewa na matokeo yatabandikwa wapi, na kama mwalimu mkuu aweza kuingia bila kungoja ruhusa. Mwalimu naye aanze daftari kabla ya mtambo wa kwanza kufika, akiandika tarehe, jina la mtoto, na kama ni kichwa, kikohozi au damu puani, ili baadaye pawe na cha kulinganisha.