Harusi ya Geita, ukumbi wa Mwanza

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kamati za harusi za Geita zimesahau foleni ya kivuko cha Busisi, na hoteli kubwa za Mwanza zimesogea karibu. Kabla ya kulipa kianzio, ulizeni kama bei ya sahani imejumlisha VAT, na kama vinywaji mtakavyoleta wenyewe vinatozwa. Hapo ndipo bajeti nyingi hupasukia.

Mkibaki Geita mjini, epukeni siku za maonesho ya teknolojia ya madini, Septemba au Oktoba: vyumba huisha mapema. Jenereta ya ukumbi? Iwashwe mbele yenu kabla hamjalipa. Wazee wanaotoka Kahama na Shinyanga walale kwenye hoteli ileile ya sherehe, vijana watajijua.