MAJI TAHIRI NA MAJI YENYE SUMU
Somo juu ya mito ya Thika na Ruiru

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wasomaji wetu watukufu, ndugu mmoja, kijana wa huku kwetu pwani aliyekwenda Thika kutafuta riziki, ametuletea masuala mawili. La kwanza: kiwanda anachofanyia kazi, ikinyesha mvua usiku hufungua mfereji wake wa uchafu, maji yakaenda mtoni. Alipolisema jambo hilo, Mwislamu mwenzake alimjibu kwamba mto ni maji mengi, umepita kullatayni, haunajisiki. Je, jawabu hilo ni sahihi? La pili: yeye ndiye anayeamrishwa kuufungua mfereji huo. Je, ana dhambi?

Twaanza na la kwanza, kwani ndani yake mna kosa ambalo wengi wetu tumelichukua chuoni bila ya kulitazama.

Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, maji yaliyofika kullatayni, nayo ni lita 200 na kitu, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yageuke rangi, au utamu, au harufu. Lakini hukumu hii ni jawabu la suala moja tu: maji haya yafaa kutawadhia au hayafai? Haikuwekwa ili kumpa mtu ruhusa ya kuyachafua. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza watu kukojoa katika maji yaliyotuama, na akawahadharisha wasiende haja penye vyanzo vya maji, njiani na kivulini, akayahesabu hayo kuwa ni mambo yenye kuleta laana. Wala katika vyanzo hivyo hakubagua kikubwa na kidogo.

Tena, kila aliyesoma matni ya Abu Shujaa anajua fungu la maji yaliyopata moto wa jua ndani ya chombo cha madini. Maji hayo ni tahiri, na yatahirisha, lakini ni makuruhu. Kwa nini makuruhu ilhali hayana najisi? Wanavyuoni walisema, kwa kuchelea kuwa yatamletea mtu barasi mwilini. Imamu Nawawi aliiona dalili ya jambo hili kuwa dhaifu, na huenda haki iko kwake. Lakini sisi twatazama njia ya kufikiri. Wazee wetu hao waliyapima maji kwa mizani miwili: mizani ya tahara na mizani ya dhara. Sisi tumebaki na mmoja.

Sasa na tuitazame mito yenyewe. Thika ni mji wa viwanda tangu zamani: vya ngozi, vya nguo, vya mafuta ya kupikia, vya matunda ya makopo. Ruiru mna cha chuma na cha nyuzi, na pembezoni mwa miji yote miwili mna mashamba ya kahawa. Mwenye kudibaghi ngozi huitia kwanza katika chokaa na dawa ya salfaidi ili nywele zitoke, kisha huitia chumvi ya kromiamu ili isioze. Salfaidi ikikutana na asidi hutoa ile hewa inukayo kama yai viza, nayo ikizidi huua. Maji ya rangi za nguo huuziba mwanga usifike chini mtoni. Na maji yaliyooshewa buni, ingawa hayana najisi hata chembe, yana sukari nyingi. Vijidudu huila sukari hiyo, na katika kuila huimaliza hewa iliyomo majini, samaki wakafa kwa kukosa pumzi.

Zingatia hapa, ndugu yangu. Chokaa, kromiamu, rangi na sukari ya buni, hakuna hata kimoja katika hivyo kilicho najisi. Maji yaliyogeuzwa na rangi mpaka hayaitwi tena maji kwa jina lake tupu, kwa Shafii hayafai kutawadhia, ingawa yenyewe ni tahiri. Ama maji yaliyoingiwa na madini ya sumu kidogo kidogo, hayo hayageuki rangi wala utamu wala harufu. Mtu atayatawadhia, na udhu wake utasihi, kisha atayanywa yamdhuru. Basi aliyejibu kwa hukumu ya kullatayni amejibu lisiloulizwa.

Huenda msomaji wa Malindi au Mombasa akasema, Thika ni bara, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mto Chania huungana na mto Thika hapo mjini, nao huingia Tana, ukapita mabwawa ya Masinga na wenziwe, ukafika Garissa, Hola na Garsen, ukaingia baharini Kipini. Mto Ruiru nao huingia Athi. Athi ndio Galana, na Galana ndio Sabaki, unaomwagika baharini kaskazini ya Malindi. Na visima vya Baricho, vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa, vimechimbwa katika mchanga wa mto huo huo. Mchanga huchuja mengi, na alhamdulillahi. Lakini mwenye kuutegemea mchanga umkinge na dhulma ya jirani ni kama wale wa tabaka ya juu katika ile jahazi aliyoipigia mfano Mtume, lau wangewaacha wa chini waitoboe.

Ama moshi, kelele na harufu, fiqhi haikuyasahau. Katika Majalla ya dola ya Uthmaniya, iliyokamilika mwaka 1876, kifungu cha 1200 chataja karakana ya mhunzi au kinu kinachotikisa nyumba ya jirani, na tanuri au kiwanda cha mafuta ambacho moshi na harufu yake vyamfanya jirani asiweze kukaa. Yote hayo huondolewa. Hiyo ni njia ya Mahanafi. Kwetu, Imamu Nawawi katika Minhaji amemruhusu mtu kuifanya nyumba yake iliyo baina ya maskani kuwa hamamu, au duka lake kuwa la mhunzi. Matajiri huipenda sana ruhusa hii. Lakini ameifunga kwa sharti: achukue hadhari na azitie nguvu kuta. Basi leo ukuta wa kiwanda ni bwawa la kusafishia maji na chujio la dohani. Asiyekuwa nayo hana ruhusa hiyo.

Na katika kelele tujisaili na sisi. Mtume aliwazuia waliokuwa wakipandishiana sauti msikitini kwa kusoma Qurani, wasiudhiane. Kanuni za serikali za mwaka 2009 ziliweka desibeli 35 usiku penye maskani, na vipaza sauti vya hafla zetu usiku wa manane hupita hapo mara nyingi. (Adhani ni jambo jingine, nayo ni fupi.)

Sheria ya nchi nayo inakubaliana na tuliyoyasema. Kanuni za maji za mwaka 2006 ziliamuru kwamba hewa itakayohitajiwa na vijidudu kuula uchafu kwa siku 5 isizidi miligramu 30 kwa kila lita ya maji yamwagwayo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 chamruhusu kwenda mahakamani bila ya kuthibitisha kwamba amedhurika yeye mwenyewe. Wasiamini kuwa haya ni maneno ya karatasini ni wale wasiojua habari ya Owino Uhuru, hapa Mombasa, ambapo kiwanda cha kuyeyusha risasi kiliwadhuru watu na watoto wao. Walishitaki, mwaka 2020 wakahukumiwa kulipwa shilingi bilioni 1.3, hukumu ikavunjwa katika rufaa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Sasa suala la pili. Kuufungua mfereji ni kusaidia dhara, na amri ya bwana haiondoi dhambi. Khofu ya kufukuzwa kazi si kulazimishwa kwa maana ya kisheria, ingawa ni jambo zito kwa mwenye watoto, na Mwenyezi Mungu anajua zaidi hali ya mja wake. Mshahara wa kazi yake nyingine ni halali. Kwa hivyo twamwambia: akatae kazi hiyo moja kwa adabu, aombe apewe nyingine, aandike tarehe na saa za kila usiku mfereji ufunguliwapo, na aipeleke habari kwa halmashauri ya mazingira, ijulikanayo kwa jina la NEMA. Na Waislamu wa Thika wasimwache peke yake. Akifukuzwa, mahitaji yake na ya watoto wake ni juu ya jamaa wa msikiti wake mpaka apate kazi nyingine.

Wallahu aalam.