Meza ya Seremala ya Kubebeka

Kila mtu anajua vyombo vya seremala: msumeno, randa, patasi na nyundo. Lakini kiko chombo kimoja ambacho watu hawakisifu, nacho ni meza ya kazi. Msumeno hukata, randa hulainisha, patasi hutoboa. Meza hushika ubao usikimbie. Ubao ukicheza, msumeno hupotea njia, na pengine hukata kidole badala ya mti. Basi leo tujifunze kuchagua meza iliyo njema, hasa ile ya kubebeka.

Kwa nini iwe ya kubebeka?

Tazameni mji wa Butembo. Ni mji wa vilima. Leo fundi anaitwa kutengeneza mlango juu kilimani, kesho kitanda kule bondeni. Pengine anaitwa Beni, safari ya kilomita zaidi ya 50. Meza nzito ya karakana haipandi pikipiki.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya huzuni. Tangu Oktoba 2014, watu wengi wa vijiji vya Beni wamekimbia makwao kwa sababu ya mauaji. Seremala anayekimbia hawezi kujitwika meza ya kilo 100. Lakini akifika ugenini na msumeno, randa na meza nyepesi, aweza kuanza kazi tena na kuwalisha watoto wake.

Kiti kilichokatwa

Mwaka 1961, huko Uingereza, bwana mmoja aliyeitwa Ron Hickman alikuwa akitengeneza kabati nyumbani kwake. Alikuwa mzaliwa wa Afrika ya Kusini, na kazi yake ilikuwa kubuni magari. Hakuwa na meza ya useremala, kwa hiyo akaweka ubao juu ya kiti kizuri. Akakata ubao, akakata na kiti!

Basi akafikiri. Baadaye akabuni meza ya kukunja. Uso wake ni mbao mbili zinazolala sambamba. Ukizungusha vishikio, mbao hizo hukaribiana na kubana kazi kama taya. Makampuni kadhaa yaliikataa. Mwishowe kampuni ya Black & Decker ilikubali, ikaanza kuitengeneza mwaka 1972 kwa jina la Workmate. Tangu hapo zimeuzwa mamilioni, na nyingine nyingi zimefuata mfano wake.

Mambo manne ya kupima

La kwanza ni uthabiti. Weka mikono miwili juu ya meza, sukuma mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Meza inayotikisika dukani itatikisika zaidi kazini. Miguu iwe imetanuka chini, na maungio yake yakazwe sawasawa.

La pili ni uzito. Inua meza, tembea nayo hatua 50. Ukichoka, si ya kubebeka. Lakini nyepesi mno nayo hukimbia mbele ya randa. Dawa ipo: funga ubao chini, kati ya miguu, uweke juu yake jiwe kubwa au mfuko wa mchanga. Mawe yapo kila mahali. Hakuna haja ya kusafiri nayo.

La tatu ni kimo. Simama wima, mikono ikining’inia. Kwa kazi ya randa, uso wa meza ufike karibu na kifundo cha mkono wako. Meza ya chini mno huumiza mgongo. Ya juu mno huinyima randa nguvu ya mwili. Ndiyo maana meza ya baba haimfai mtoto.

La nne ni namna ya kushika. Taya zibane ubao pande zote sawa, bila kuuchubua. Kama meza ni ya kukunja, hakikisha miguu inajifunga vizuri inapofunguliwa, isije ikajikunja na kubana vidole.

Kama hakuna fedha

Asiye na fedha za dukani asikate tamaa. Mafundi wengi hufanya kazi juu ya viegemeo viwili vya miguu minne na ubao mnene uliolazwa juu yake. Kazi ikiisha, vyote hufungwa pamoja kwa kamba na kubebwa.

Karibu na Butembo mikaratusi ni mingi. Mti wake ni mgumu na una nguvu, wafaa kwa miguu. Lakini mbao mbichi za mkaratusi hupinda na kupasuka. Zipange kivulini, mbali na udongo, ukitia vijiti katikati ili upepo upite, mpaka zikauke vizuri.

Ardhi ikiwa si sawa, kumbukeni mafiga. Mafiga ni matatu, nayo hayachezi. Kitu cha miguu minne hucheza mguu mmoja ukikosa kugusa chini. Basi tia kabari chini ya mguu huo kabla ya kushika msumeno.

Ipi iliyo bora?

Anayetengeneza milango mizito karakanani kila siku, na achague meza nzito. Anayehamahama achague viegemeo na ubao. Anayefanya kazi ndogo nyumbani kwa kujifurahisha, meza ya kukunja itamtosha. Usiulize kwanza, “Ipi ni nzuri kwa macho?” Uliza, “Nitafanya kazi gani, na wapi?”

Maswali
1. Ubao usiposhikwa vizuri, huleta hasara gani?
2. Meza nyepesi yawezaje kupata uzito mahali pa kazi?
3. Kwa nini mbao za mkaratusi zikaushwe kwanza?
4. Pima kimo cha meza inayokufaa wewe. Ni sentimita ngapi?