SOMO: KIPIMO CHA CHUMBA CHA MOYO

Ndugu msomaji, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Unasikia nini? Moyo mzima hupiga kwa taratibu, kama ngoma ya mtu anayejua kupiga. Lakini moyo mwingine hupiga ovyo: mara upesi, mara pole. Ndipo damu hutulia ndani yake na kuganda. Donge likifika kwenye ubongo, mtu huanguka na upande mmoja wa mwili hupooza. Mwenye ugonjwa huu wa mapigo ovyo ana hatari ya kupooza karibu mara 5 kupita mwingine.

Je, tunaweza kuona hatari hii ikiwa bado mbali? Mara nyingi ndiyo.

Moyo una vyumba 4. Chumba cha juu cha kushoto hupokea damu inayotoka mapafuni. Kama una ugonjwa wa damu kupanda, au kama homa ya viungo ya utoto imeufanya mlango wa chumba hicho kuwa mwembamba, damu hubanana ndani. Chumba hutanuka kidogo kidogo, kama mfuko uliojazwa kupita kiasi. Nyama yake ikiharibika, haifuati tena amri moja.

Mganga hukipima kwa mashini ya mawimbi ya sauti, kama ile inayoonyesha mtoto tumboni. Haikati wala haichomi. Kwa watu wazima wengi upana wake haupiti santimeta 4. Huko Framingham, Marekani, watu wengi walipimwa na kufuatwa kwa miaka. Mwaka 1994 ilitangazwa kwamba kila milimita 5 za kuongezeka ziliongeza hatari ya mapigo ovyo kwa 39 kwa mia.

Wengine husema, “Siumwi, nirudi kwa nini?” Ndugu, chumba hutanuka bila maumivu. Kipimo si hukumu. Ni onyo, nalo huja wakati dawa ingali na kazi.

Basi, shika haya:

1. Kunywa dawa ya damu kupanda kila siku, hata ukijisikia vizuri.
2. Mtoto aliyepata homa ya viungo asikose sindano zake.
3. Mapigo yakienda ovyo, njoo upesi.
4. Mganga akikupa dawa ya kuzuia damu isigande, usiiache bila kumwuliza.

Maulizo: Chumba gani hupimwa? Kwa nini hutanuka? Nani nyumbani mwako aliacha dawa yake?